SACCO yetu ilivujisha taarifa zangu na pesa zikaibwa: je, nina kesi?

"Nauza nafaka hapa Busia, upande wa Uganda. Ni mwanachama wa SACCO moja tangu 2018 na nina mkopo wa shilingi milioni 3 ambao bado naulipa. Mwezi uliopita nilipigiwa simu na mtu aliyesema ni afisa wa mikopo. Alijua jina langu kamili, NIN yangu (namba ya kitambulisho cha taifa), salio la mkopo bila kukosea hata shilingi, na jina la mke wangu niliyemwandika kama mrithi. Nikamwamini. Akasema nilikatwa riba kimakosa na wanataka kunirudishia, nimsomee namba iliyoingia kwenye simu. Nikamsomea. Shilingi 640,000 zikatoka. Wiki tatu baadaye SACCO ikatuma meseji: 'Tulipata hitilafu katika mfumo wetu, imerekebishwa, tunaomba radhi.' Wanachama wengine nao wamepigiwa. Shemeji yangu wa ng'ambo ya mpaka anasema sheria inawapa saa 72 kutoa taarifa, na kwamba kamishna ataamuru nilipwe. Wakili mmoja hapa anataka 500,000 ili aanze. Je, nina kesi, au nimeliwa tu?"

Pole sana, ndugu yangu. Naanza na hilo la mwisho, maana nadhani ndilo linalokunyima usingizi. Aliyekupigia hakubahatisha. Alikuwa na faili lako mbele yake, na mtu mwenye faili lako anaweza kumlaghai hata meneja wa benki. Kwa hiyo acha kujilaumu kwanza, tuangalie sheria inasemaje. Kwa kifupi, kesi unayo, ila ni nyembamba kuliko alivyokuambia shemeji, na itasimama au kuanguka kwa jambo moja: tarehe ambayo SACCO yako ilijua kwamba taarifa zimetoka.

Shemeji hajakudanganya. Kosa lake ni kuvusha sheria ya kwao bila kupitia forodhani. Kenya wana sheria yao ya kulinda data ya 2019, na humo ndimo zilimo hizo saa 72. Kamishna wao wa Data pia ana uwezo wa kuamuru mlalamikaji alipwe, na ameshafanya hivyo. Uganda nayo ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha mwaka huohuo wa 2019, kanuni zake zikafuata 2021. Ukizitazama juujuu, sheria hizi mbili ni kama ndugu. Ukizisoma, unakuta kila moja ina njia yake.

Sheria yetu haihesabu saa. Inasema taasisi iliyo na sababu ya kuamini kwamba taarifa za watu zimefikiwa na asiyeruhusiwa iijulishe mamlaka mara moja, pamoja na hatua ilizochukua. Mamlaka hiyo ni Ofisi ya Kulinda Taarifa Binafsi, tunayoiita PDPO, iliyo chini ya NITA-U, mamlaka ya taifa ya teknolojia ya habari, kule Kampala. Kisha PDPO ndiyo inayoamua kama wewe mwenye taarifa unapaswa kuambiwa. Ukiambiwa, iwe kwa barua ya rejesta, barua pepe, tovuti au vyombo vya habari, taarifa hiyo lazima iwe na maelezo ya kutosha kukuwezesha kujilinda. Hapa ndipo naomba urudi kwenye meseji yao. "Tulipata hitilafu, imerekebishwa" inakulinda na nini? Haisemi kwamba NIN yako imetoka, wala salio, wala jina la mkeo. Haikuambii usipokee simu ya mtu anayejiita afisa wa mikopo. Meseji ya namna hiyo imeandikwa kumlinda aliyeituma.

Sasa twende kwenye tarehe. Wewe ulipigiwa simu kwanza, meseji ikafuata wiki tatu baadaye. Ikiwa SACCO iligundua uvujaji baada ya wewe kuibiwa, kosa lao (kama lipo) ni la ulinzi hafifu. Lakini ikiwa walijua wiki moja au mwezi kabla ya simu hiyo, wakanyamaza, hadithi inabadilika kabisa. Hapo unaweza kumwambia hakimu: wangeniambia mapema, nisingemsomea mtu namba ile. Mawakili wengi hukimbilia kubishana kuhusu mdukuzi aliingiaje, jambo ambalo mteja hana namna ya kulithibitisha. Tarehe ni rahisi zaidi, kwa sababu imeandikwa mahali: kwenye kumbukumbu za bodi, kwenye barua kwa fundi wa mfumo, kwenye taarifa waliyopeleka PDPO kama waliipeleka.

Na unayo haki ya kuuliza. Sheria inakuruhusu kuitaka taasisi yoyote inayoshika taarifa zako ikuambie inashika nini, kwa kazi gani, na imempa nani. Inatakiwa ikujibu ndani ya siku 30. Andika barua fupi, isiyo na matusi, kwa meneja na kwa afisa wao wa ulinzi wa data. Wakiwa hawana afisa huyo, hilo lenyewe ni dosari. Waulize ni taarifa zako zipi zilizotoka, waligundua tarehe gani, waliijulisha PDPO tarehe gani, na ni kampuni gani inayoendesha mfumo wao. Maswali hayo manne yanatosha. Ukiandika kurasa sita za hasira watajibu hasira na kuruka maswali.

Hilo swali la kampuni ya mfumo usilidharau. SACCO nyingi hazina kompyuta kubwa wala wataalamu wao wenyewe. Hukodi mfumo kwa kampuni nyingine. Oktoba 2020 wengi wetu tulijifunza jambo hili kwa mshtuko, wadukuzi walipoingia Pegasus Technologies, kampuni iliyokuwa ikiunganisha malipo ya simu kati ya mitandao na benki. Wateja walikuwa na akaunti kwenye mitandao na benki. Jina la mtu wa katikati wengi hawakuwa wamelisikia kamwe. Kwa sheria yetu, SACCO haiwezi kukuambia "ni kosa la fundi, mtafute fundi." Wajibu wa kuhakikisha kwamba fundi huyo analinda taarifa zako ni wao waliokusajili.

Tuje kwenye fidia, ambapo wengi hupotea. PDPO hailipi, wala haiamuru ulipwe. Inapokea lalamiko, inachunguza, inatoa uamuzi na kuamuru marekebisho. Mwaka 2025 iliamua lalamiko la Waganda wanne dhidi ya Google: ilikuta kwamba kampuni hiyo haikujisajili inavyotakiwa na ikaiagiza ijisajili, lakini fidia ikasema ni suala la mahakama. Kabla ya hapo, mwaka 2021, NITA-U iliichunguza SafeBoda na kukuta ilikuwa ikipeleka taarifa za wateja kwa kampuni ya nje bila kuwaeleza. Hata hapo, agizo lilikuwa kurekebisha mwenendo.

Je, ni bure basi kwenda PDPO? Hapana, mimi ningekwenda. Lalamiko halihitaji wakili, linajazwa kwenye fomu yao na unaweza kulituma bila kufunga safari ya Kampala. Faida yake ni kwamba wao wana mamlaka ya kuingia na kudai nyaraka ambazo wewe hutaonyeshwa. Uamuzi wao ukisema SACCO ilijua mapema au haikuwa na ulinzi unaostahili, umepata ushahidi ambao ungekugharimu pesa nyingi kuutafuta mwenyewe.

Kuna pia adhabu za jinai, na hapa naona watu wakichanganya sana. Anayepata au kutoa taarifa za watu kinyume cha sheria, au kuziuza, anaweza kufungwa hadi miaka 10, na taasisi inaweza kutozwa hadi asilimia 2 ya mapato yake ghafi ya mwaka. Faini hiyo inaingia hazina ya Serikali. Huoni hata senti. Natamani ijulikane, kwa sababu nimeona watu wakishangilia faini kana kwamba ni bahasha yao.

Pesa yako iko mahakamani, na sentensi ya sheria inayokuhusu ni fupi: mtu aliyepata madhara au fadhaa kwa sababu taasisi imekiuka sheria hii anaweza kuiomba mahakama fidia. Zingatia neno "fadhaa". Bunge letu halikusema lazima uwe umeibiwa. Kukosa usingizi kwa sababu mgeni anajua deni lako na jina la mkeo ni jambo ambalo sheria inalitambua. Tena taarifa za kifedha zimewekwa katika kundi maalumu linalolindwa zaidi, pamoja na afya, dini na siasa. Salio la mkopo wako limo humo.

Lakini SACCO nayo ina ngao. Ikithibitisha kwamba ilichukua tahadhari ya kutosha kwa mazingira yote, inajitoa. Hakimu ataangalia kama walitathmini hatari, kama waliweka kinga, kama walikuwa wakizikagua na kuziboresha. Kudukuliwa peke yake hakumfanyi mtu kuwa na hatia. Hata mwenye mlango wa chuma huvunjiwa. Ila wakikutwa wafanyakazi wote wakitumia nywila moja iliyobandikwa ukutani (usicheke, nimeiona kwa macho yangu), ngao hiyo inatoboka.

Sasa niseme lile usilotaka kusikia. Zile 640,000 ndizo sehemu ngumu ya kesi yako. Watasema: mfumo wetu haukukuibia, wewe ndiye uliyesoma namba, na kila siku mitandao ya simu inawaonya watu wasifanye hivyo. Hakimu anaweza kukubali kwamba ulichangia hasara, akapunguza kiasi, au akaona mnyororo kati ya uvujaji na wizi umekatika pale ulipoisoma. Jibu lako ni lile la tarehe na la faili: tapeli alifanikiwa kwa sababu alikuwa na taarifa ambazo SACCO pekee ilikuwa nazo. Ni hoja nzuri, lakini siwezi kukuahidi. Dai la fadhaa na la kutotendewa inavyostahili ni safi zaidi, ingawa kiwango chake hakina bei iliyoandikwa popote. Anayekutajia mamilioni anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Kuna pia jambo ambalo mteja wa benki halimgusi, ila wewe linakugusa: SACCO ni yako. Sheria ya vyama vya ushirika inataka migogoro ya mwanachama na chama kuhusu shughuli za chama ipelekwe kwa msuluhishi, na wakili wao atalisimamisha hilo kama pingamizi mara tu utakapofungua kesi. Kama dai la faragha linaingia humo au la, ni ubishi wa kisheria, na ubishi huo una gharama. Halafu fidia itatoka kwenye akiba yenu nyote, pamoja na ya mama anayeuza mboga karibu nawe. Sisemi uwasamehe. Nasema unayo silaha ambayo wateja wa kampuni hawana: mkutano mkuu. Mkidai ajenda ya uvujaji, bodi italazimika kujibu mbele ya watu walioichagua, na majibu yataandikwa kwenye kumbukumbu. Nimeona vyama vikikubali kurudisha pesa za walioibiwa baada ya mkutano mmoja mkali, bila hakimu.

Kuhusu wakili na 500,000 zake, simlaumu, ila muulize ni za nini. Barua ya madai ni kazi ya siku moja na haifiki hapo. Kufungua kesi na kuisimamia ni jambo jingine. Kumbuka pia kwamba unayempeleka mahakamani akikushinda, kwa kawaida utalipa na gharama zake. Kwa hasara ya 640,000 peke yake, hesabu haikai sawa. Na usitafute wa kukuambia "tushinde kwanza tugawane": hapa kwetu wakili haruhusiwi kufanya kazi kwa kugawana ushindi na mteja. Hiyo ndiyo sababu mojawapo huoni zile kesi kubwa za Marekani, kama ya Equifax, ambapo taarifa za watu takriban milioni 147 zilivuja 2017 na makampuni ya mawakili yakabeba gharama kwanza.

Lakini kanuni zetu za madai zinaruhusu mtu mmoja au wachache kushtaki kwa niaba ya wengi wenye malalamiko yaleyale, mahakama ikitoa ruhusa na wengine wakijulishwa. Mkiwa wanachama 30 mmepigiwa simu na tapeli yuleyule, mambo mawili yanatokea. Gharama inagawanyika, na simu 30 kwa wanachama wa chama kimoja zinathibitisha uvujaji vizuri kuliko mtaalamu yeyote wa kompyuta. Andikeni kila mmoja: tarehe, saa, namba iliyopiga, alichojua mpigaji. Hakimu wa daraja la kwanza husikiliza madai hadi milioni 20 na hakimu mkuu hadi milioni 50, kwa hiyo huhitaji Mahakama Kuu. Ile mahakama ya madai madogo, isiyozidi milioni 10, imewekwa kwa madeni na mikataba, na hili lako haliingii vizuri humo. Kesi ikifunguliwa, mtapelekwa kwenye upatanishi kabla ya kusikilizwa, na nyingi za namna hii huishia hapo.

Muda unao, ila usiulalie. Madai ya aina hii kwa kawaida yana miaka 6. Taasisi ingekuwa ya Serikali ingekuwa miaka 2. Tatizo ni ushahidi. Kumbukumbu za simu na za mfumo hazikungoji.

Kwa hiyo wiki hii, kabla ya kumlipa mtu yeyote, nenda polisi uandikishe wizi na utoke na namba ya SD, yaani ya daftari la matukio la kituo. Udukuzi ni kosa tangu sheria ya matumizi mabaya ya kompyuta ya 2011, na polisi wanaweza kuomba amri ya kupata rekodi za laini iliyopokea pesa zako na wakala aliyezitoa. Hiyo ni njia ya kumfuata mwizi, nayo haifungi njia ya kuidai SACCO. Nenda pia kituo cha mtandao wako wa simu na kitambulisho, uombe taarifa ya muamala iliyochapishwa, na uulize kuna laini ngapi zilizosajiliwa kwa NIN yako. NIN haibadilishwi, hata ukipewa kadi mpya namba ni ileile, kwa hiyo hatari hii itakaa nawe muda. Baada ya miezi michache omba ripoti yako ya mikopo, uone kama kuna mtu amekopa kwa jina lako. Meseji ya SACCO ipige picha ya skrini sasa hivi. Simu huibiwa, huanguka majini.

Mambo matatu usiyafanye. Usiache kulipa mkopo wako kwa hasira. Watakuandika mdaiwa sugu, na siku ya kesi wao ndio watakuwa walalamikaji. Usitie saini wala dole gumba kwenye karatasi inayosema "nimeridhika, sina madai zaidi" kwa ajili ya kufutiwa riba ya mwezi mmoja. Na kama kuna orodha ya majina iliyovuja inazunguka kwenye makundi ya WhatsApp, usiisambaze hata kwa nia ya kuwaonya wenzako. Kwa kuisambaza, wewe mwenyewe unakuwa mtoa taarifa za watu, na ile miaka 10 niliyoitaja haichagui.

Yapo mambo ambayo usiyasubirishe kwa maandishi kama haya. Ukikuta mkopo usioujua kwa jina lako, laini yako ikizimika ghafla bila sababu, ukitishiwa, au kama hati ya ardhi yako iko SACCO kama dhamana na mtu ameanza kuulizauliza habari zake, kaa na wakili ana kwa ana siku hiyohiyo. Mwombe akuonyeshe cheti chake cha kufanya kazi cha mwaka huu. Aliye halali haoni vibaya. Ukiwa huna uwezo, jaribu Justice Centres Uganda iliyo chini ya Mahakama, mradi wa msaada wa kisheria wa Chama cha Mawakili Uganda, au FIDA-Uganda, chama cha wanasheria wanawake, kama ni mkeo anayesumbuliwa.

Barua yako ya maswali manne andika nakala mbili. Kiingereza kikikusumbua, mtafute kijana wa sekondari akusaidie, maana ofisi zetu bado zinajibu upesi zaidi kwa lugha hiyo, Kiswahili kiwe lugha rasmi au kisiwe. Nakala moja waachie, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa sababu siku 30 zinahesabiwa tangu hapo. Wakikataa kugonga muhuri, usigombane nao. Rudi na mwenyekiti wako wa LC1 (baraza la kijiji), aandike nyuma ya nakala siku na saa mliyofika, na jina la aliyekataa.